Mswada wa Kamba

Wengi pale hospitalini kwetu Bariadi wanamkumbuka Tabibu kwa ukali wake wodini. Mimi namkumbuka kwa soksi. Kila alipokuja masjala kuomba mafaili, alivua viatu mlangoni, ingawa sakafu yetu ilikuwa ya saruji iliyopasuka na hakuna aliyemwambia avue. Aliingia na soksi zake za kijivu, moja imetoboka kidoleni, akasimama mbele ya meza yangu na kunisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akiniita mama, mimi ambaye kwa umri angeweza kunizaa. Siku moja nikamuuliza kwa nini anavua. Akasema humu ndani wamelala watu. Alimaanisha mafaili.

Hakuwa daktari, na hakutaka mtu yeyote asahau hilo. Alikuwa afisa tabibu. Mgonjwa akimwita daktari alimkatiza hata kama analia kwa maumivu: "Daktari yuko ofisini. Mimi ni tabibu. Panauma wapi?" Basi sote tukamwita hivyo hivyo, Tabibu, na jina lake likabaki kwenye karatasi za mshahara.

Kazi yangu ilikuwa kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Ijumaa mchana, wenzake wakiwa wanakula, yeye aliomba mafaili ya watu walioumwa na nyoka, akakaa dirishani kwenye kiti cha plastiki na kauntabuku jeusi mapajani, akawa ananakili. Nyoka gani, kama walimwona. Aliwauma wapi. Walifika baada ya saa ngapi. Halafu swali ambalo hakuna fomu ya hospitali inayouliza: mgonjwa alifungwa kamba? Kamba ya nini? Ilikaa muda gani? Kama faili halikusema, alimtafuta mgonjwa mwenyewe. Nimewahi kumwona akipanda pikipiki baada ya zamu kwenda hadi Kiloleli, kule Busega, kumuuliza mtu swali moja tu, akarudi siku ya pili suruali imejaa vumbi, akaandika neno moja kwenye kauntabuku: *Saa tisa.*

Kwa asiyezijua shughuli za huku, nieleze. Watu wetu huumwa na kifutu, yule nyoka mnene, mvivu, asiyekwepa mguu wa mtu. Wanaumwa wakipalilia pamba au wakichunga. Mtu akiumwa, ndugu zake wanamfunga kamba juu ya jeraha, wanakaza kwa nguvu zao zote ili sumu isipande moyoni. Ndipo wanaanza kutafuta usafiri, na usafiri unaweza kuchukua siku nzima. Tabibu aliona, mwaka baada ya mwaka, kwamba mguu unaofika kwetu ukiwa mweusi na wa baridi haukuuawa na nyoka peke yake. Sumu ya kifutu inaharibu nyama pale ilipoingia, na kamba inaibana ibaki pale pale, huku ikiuzuia mguu kupata damu. Wapo waliofika na sumu kidogo, ambayo pengine ingewaacha na uvimbe wa wiki moja. Wakaondoka na magongo.

Hilo ndilo alilotaka kuliandika kwenye jarida la utafiti wa tiba. Hakutaka kuandika kitu kingine chochote maishani mwake.

Kamba zenyewe alizitunza. Zilikuwa kwenye boksi la sindano, nyuma ya kabati langu: kamba za katani, vipande vya mpira wa baiskeli, mkanda wa ngozi, upindo wa kitenge, waya wa redio. Kila moja imefungwa karatasi yenye tarehe na jina la kijiji. Muuguzi mmoja alitaka kulitupa boksi kwa sababu linanuka, Tabibu akamfokea hadi dada wa watu akatoa machozi. Jioni alimfuata nyumbani kwake kumwomba radhi, amebeba nanasi. Ndivyo alivyokuwa. Alifoka hadharani, akaomba msamaha faraghani, na kesho yake akafoka tena.

Nilianza kumchapia kwa sababu yeye alichapa kwa kidole kimoja. Mswada wa kwanza ulikuwa na kurasa arobaini na tatu, kwa Kiingereza alichojifunza kwenye vitabu vya zamani vya tiba, na ulianza na sifa za Mwenyezi Mungu aliyeumba viumbe vyote, pamoja na nyoka. Daktari kijana aliyehamia kwetu kutoka Dar aliusoma akacheka, lakini si kwa ubaya.

"Mzee, hii ni hotuba. Jarida wanataka mambo manne: utangulizi, ulivyofanya, ulichokuta, na maana yake."

Tabibu akafikiri. "Kama kumpokea mgonjwa. Historia, vipimo, ugonjwa, tiba."

"Hivyo hivyo."

"Mbona hukusema mapema?"

Akaanza upya. Daktari kijana alimsaidia hesabu kwenye kompyuta, mimi nikachapa, na mwaka ule wote Ijumaa zetu zikawa za mswada. Nilijifunza mengi kwenye kile kiti cha plastiki. Nilijifunza kwamba Tabibu hakubali neno "wengi". Nikichapa "wagonjwa wengi" alisimamisha mkono hewani kama askari wa barabarani: "Wangapi?" Nikijibu sijui, aliniambia basi tufute, kwa sababu mwongo huanzia hapo. Hata nyumbani nikawa namkatiza mume wangu akisema watu wengi walikuja msibani.

Vita kubwa ilikuwa ya majina. Tabibu aliwaandika wagonjwa kwa majina yao, na baba zao, na vijiji vyao. Daktari kijana akamweleza kwamba majarida hayaruhusu, mgonjwa ana haki ya kufichwa.

"Nimfiche kwani amefanya kosa gani?"

"Ni kwa ajili ya kumlinda, Mzee."

"Bila jina huyu ni mguu tu."

Alinuna wiki mbili. Ijumaa ya tatu alikuja, akavua viatu, akaniambia niyatoe majina, niweke herufi. Nilipokuwa nayafuta moja moja alikuwa amekaa kando yangu akilitaja kila moja kwa sauti ya chini kabla halijapotea, na mimi nilikuwa nangoja amalize kulitaja ndipo nibonyeze.

Tulituma mara ya kwanza kwa simu yangu, kwa sababu mtandao wa ofisi ulikuwa umekufa. Fomu ya jarida ilitaka cheo cha mwandishi, ikatoa orodha: profesa, daktari, bwana, bibi. Ikataka shahada yake ya juu kabisa. Tabibu hakuwa na shahada, alikuwa na stashahada, nayo haikuwemo. Mwisho wa orodha palikuwa na neno "nyingine". Nikambonyezea hilo. Aliuliza nimeweka nini, nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole. "Nyingine," akasema. "Sawa. Endelea." Bando likaisha faili likiwa limefika nusu, tukaanza upya.

Jibu lilikuja baada ya siku nne: mada haiwafai wasomaji wetu. Tabibu alifurahi. Alisema watu wa mbali wamesoma na kujibu, tena kwa adabu. Aliniomba nimchapishie ile barua, akaikunja na kuiweka mfuko wa koti.

Jarida la pili lilimkubali baada ya siku mbili, likamwita profesa mashuhuri, likaomba malipo. Daktari kijana hakuhitaji kumwonya. Tabibu aliisoma barua ile mara moja, akaniambia nifute. "Hawakunikosoa hata nukta. Hawajausoma." Nilimwambia jina lake lingetoka, watoto wake wangeliona. Akanitazama kana kwamba nimemwomba aibe.

La tatu lilikaa nao miezi saba. Walirudisha maoni ya wasomaji wawili waliopewa kuukagua. Wa kwanza alisema Kiingereza ni kigumu. Wa pili aliandika mstari mmoja ambao Tabibu aliutafsiri mara nyingi, kila mara akitumaini ametafsiri vibaya: kwamba ubaya wa kufunga kamba unajulikana tayari, na kazi hii haiongezi jambo jipya. Mara hii hakufoka. Alikaa dirishani hadi watu wa usafi walipoingia. Nje palikuwa na familia iliyofika asubuhi kutoka upande wa Meatu, wanamsubiri binti yao atoke chumba cha upasuaji. Walikuwa wamemfunga kwa mpira wa baiskeli. Tabibu akawatazama kupitia wavu wa dirisha, akaitazama karatasi.

"Anasema inajulikana," akaniambia. "Sasa, mayu, twende tukawaambie wale kwamba inajulikana."

Mama wa binti yule ndiye aliyenifanya nihisi kuna jambo ambalo Tabibu hakuwahi kumwambia mtu. Asubuhi ile, nilipopeleka faili wodini, nilimkuta Tabibu akimfokea mama yule mbele ya watu: nani kakwambia ufunge, nani? Mama alikuwa mnyonge, hajalala. Akajibu kwa upole, akimwita mzee kwa Kisukuma, "Tulifundishwa, namhala. Na daktari." Nilitegemea Tabibu aseme daktari gani huyo mjinga. Badala yake alikwenda kunawa mikono, na akanawa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akinawa.

Jarida la nne ndilo lililokaribia. Mhariri wake, mama mmoja wa nchi nyingine ya Afrika, aliandika kwamba kazi ni ndogo lakini ya kweli, na kwamba wangeichapa kama ripoti fupi. Alitaka mambo matatu: ufupishwe, kibali cha kamati ya maadili kiambatanishwe, na sehemu ya mgongano wa maslahi ijazwe.

Kufupisha tulifupisha. Tulipofika kwenye maslahi nilimweleza kwamba hapo mtu anasema kama amepewa chochote na kampuni ya dawa. Andika "hakuna", tumalize.

"Andika hivi," akasema. Akaanza kuniambia polepole kwa Kiswahili, atatafsiri baadaye. "Mwandishi, alipokuwa kijana, alipangiwa zahanati upande wa Bukundi. Aliitisha mikutano ya vijiji. Aliwafundisha watu kufunga kamba wakiumwa na nyoka, na kuikaza. Ndivyo alivyokuwa amefundishwa chuoni."

Vidole vyangu vilisimama.

"Andika, mayu."

"Tabibu, hawaulizi hili."

"Wanauliza kama nina jambo linalonifunga. Hili ndilo."

Alinisimulia mchana ule. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, ana baiskeli mpya na koti jeupe, na watu walimpenda kwa sababu alikuwa mtoto wa Kisukuma aliyesoma, anayewaeleza mambo kwa lugha yao. Alifundisha kwa vitendo. Alimchukua mtu mmoja mbele ya mkutano, akamfunga kamba gotini, akawaonyesha wamama jinsi ya kukaza kwa kijiti. Aliwafanya warudie hadi wakaweza wote. Aliondoka pale baada ya miaka mitano, akaja Bariadi, na miaka mingine ikapita kabla hajasoma kwenye mwongozo mpya uliogawiwa matabibu kwamba jambo lile halitakiwi kufanywa. Mguu wa kwanza alioshiriki kuukata akiwa anajua, alisema, fundo la kamba yake alilitambua. Lilikuwa fundo la mkono wake mwenyewe. Lilikuwa na kile kijiti.

"Walikuwa wanafunga hata kabla yako," nikamwambia. "Hukuanzisha wewe."

"Walikuwa wanafunga taratibu. Mimi niliwafundisha kukaza."

Nilichapa. Mhariri alijibu kwa upole kwamba maelezo yale hayana nafasi kwenye kipengele hicho, akashauri yaondolewe. Tabibu akakataa. Daktari kijana alikuja masjala kumsihi, akamwambia kweli itakayosaidia watu ni ile ya matokeo, na kwa ajili ya aya moja tu anaihatarisha kazi yote. Tabibu alisema aya hiyo ndiyo kazi yote. Walizozana mpaka nikafunga mlango. Mpaka leo sijui nani alikuwa na haki. Nimewahi kumchukia Tabibu kwa aya ile. Nafikiri angeitoa, mengine yote yangefuata. Siku nyingine nafikiri asingekuwa yeye.

Lakini haikuwa aya iliyouua mswada. Ilikuwa kibali. Tulipeleka maombi kwa kamati, tukasubiri, tukapiga simu, tukasubiri tena. Mwishowe katibu wake alituita, akatupokea vizuri, akatupa maji ya chupa. Alieleza kwamba kibali hutolewa kabla ya kukusanya taarifa. Hizi zimekusanywa tayari, kwa miaka, bila ridhaa ya wagonjwa kwa maandishi. Kamati haina njia ya kuruhusu jambo lililokwisha kufanyika.

"Niwaombe ridhaa sasa," Tabibu akasema. "Ninawajua wote."

"Walio hai, mzee?"

Tabibu akaiweka chupa ya maji mezani.

"Ningekushauri uanze upya. Andika pendekezo, upate kibali, ukusanye wagonjwa wapya."

"Wagonjwa wapya," Tabibu akarudia. Alisimama, akamshukuru katibu kwa maji. Alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu, na wote wawili walijua kwamba wagonjwa wapya ni miguu mipya.

Alistaafu, akahamia Ngulyati alikokuwa na shamba. Hospitali ilimfanyia sherehe ndogo na kumpa godoro. Jarida lilitutumia ukumbusho mara mbili kuhusu marekebisho, kisha likaandika kwamba limefunga faili letu. Sikumpelekea barua hiyo. Daktari kijana naye alihama. Nilikuwa nampigia Tabibu simu sikukuu, ananiuliza habari za mafaili, namwambia hayajambo.

Mara ya mwisho kuwa naye ilikuwa msimu wa kupalilia uliopita. Alinipigia akaniomba nimsindikize Bukundi. Macho yake yalikuwa yameanza kuziba, hakuweza kusafiri peke yake, na wanawe walikuwa wamemkataza. Hakusema anakwenda kufanya nini. Tulilala Mwanhuzi, asubuhi tukaendelea, tukafika siku ya mnada.

Nilielewa alipomwomba mnadishaji kipaza sauti. Ng'ombe walikuwa wamejaa kwenye zizi la nguzo, vumbi limetanda, watu wanapatana bei. Mnadishaji alikuwa mtu mzima, akamtambua. Akatangaza kwamba yupo hapa daktari wetu wa zamani, tumsikilize. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Tabibu hakusahihisha.

Aliongea Kisukuma. Alisema zamani alisimama karibu na pale akawafundisha kufunga kamba. Alisema alikosea. Aliwaeleza kamba inafanya nini, akawaambia mtu akiumwa alazwe, asitembezwe, mguu utulizwe kama uliovunjika, apelekwe hospitali kwa usafiri wowote, na asifungwe. Alisema, "Nawaomba msamaha wenye miguu iliyokatwa. Ninawajua kwa majina." Na akaanza kuyataja. Aliyataja bila karatasi, jina na baba na kijiji. Watu waliacha kupatana bei, waliosikika ni ng'ombe tu.

Wazee waliguna kwa heshima. Mwanamke mmoja mwenye makamo alisogea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Pole, baba. Usijilaumu. Ulitufundisha vizuri. Mwanangu alifungwa akapona." Nyuma yangu mzee mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba daktari amezeeka, na mwenzake akasema ndiyo, maskini, na alikuwa na akili sana huyu.

Kisha kijana mmoja mwenye fimbo ya kuchungia na simu mkononi akanyoosha mkono. Hakuwa na kejeli. Alitaka kujua kweli.

"Namhala, shuleni tulifundishwa kufunga. Ndugu zangu wanajua kufunga. Nikiwaambia wasifunge, watauliza. Hili unalosema limeandikwa wapi?"

Tabibu alikigeuza kichwa chake kule alikodhani nimesimama. Hakuweza kuniona kwa lile vumbi. Kijana akasubiri kidogo, simu ameiwasha tayari ili ayapige picha maandishi. Halafu mnadishaji akachukua kipaza sauti chake polepole kutoka kwenye mkono wa Tabibu, akakipuliza, na kumwita mwenye dume jekundu alisogeze mbele.